Springi Ndefu kwa Pikapu ya Mzee

Katika vijiji vyetu vingi gari moja la zamani hufanya kazi ya magari kumi. Asubuhi labeba mahindi, adhuhuri labeba saruji ya shule, na usiku wa manane mwenye gari aamshwa kwa hodi: mama fulani ameshikwa na uchungu, tafadhali mfikishe hospitali. Wenye magari ya namna hiyo wanaijua habari hii, na majirani zao wanaijua pia.

Mzee mmoja wa vilima vya Mbinga anayo pikapu kama hiyo, Toyota Land Cruiser ya 75. Magari ya jamii hiyo yalianza kutengenezwa mwaka 1984. Ni magari shupavu, walakini yasipokuwa na mzigo nyuma huwa magumu kama mkokoteni. Usiku mmoja mzee alimpeleka hospitali mke wa jirani yake. Mama yule alifika salama na mtoto akazaliwa mzima, lakini njia nzima kila shimo lilimtoa machozi. Mzee alirudi nyumbani amelichukia gari lake.

Kijana mmoja wa sokoni akamwambia dawa yake ni rahisi: atoe springi za nyuma, atie nyingine ndefu za gari la baadaye. Kazi ya siku moja tu, na bei nafuu. Mzee alikuwa karibu kukubali. Bahati njema akampigia simu kwanza mwanawe, ambaye ni fundi wa magari mjini Songea. Jumamosi ile kijana akaja.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Nataka gari hili lisiumize watu tena.”

“Yawezekana, baba. Lakini si kwa siku moja. Watu wote wanaopanda gari hili wanakaa juu ya springi hizi.”

Waliyoyafanya baba na mwana yafaa yajulikane na kila mwenye gari, na hata na yule anayepanda tu.

KWA NINI NDEFU NI LAINI

Springi ya majani ni mabamba ya chuma cha pua yaliyopangwa moja juu ya jingine, marefu juu na mafupi chini. Si jambo jipya. Mwaka 1804 Mwingereza aitwaye Obadiah Elliott alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake wa magari ya farasi yanayokaa juu ya springi za majani.

Chukua fimbo mbili za mti mmoja, za unene mmoja, moja fupi na moja ndefu. Zikunje. Ile fupi itakushinda, na ile ndefu itakutii. Ndivyo ilivyo kwa springi, na tofauti ni kubwa kuliko tunavyodhani. Tuseme springi ya sentimita 100 imebadilishwa kwa nyingine ya sentimita 125, yenye majani ya idadi ileile na unene uleule. Urefu umezidi kwa robo. Je, ulaini nao umezidi kwa robo? La. Zidisha 1.25 kwa 1.25, kisha tena kwa 1.25: utapata karibu 2. Maana yake, springi mpya ni laini karibu mara mbili ya ile ya kwanza.

Wenye kiwanda wenyewe wanalijua jambo hili. Mwaka 1999 Toyota ilipoleta gari la 79 kushika nafasi ya lile la 75, springi za nyuma zilirefushwa ili gari lisiwapige sana wasafiri.

Walakini kila faida ina gharama yake. Kwa mzigo uleule, chuma cha springi ndefu huumia zaidi: katika mfano wetu huumia zaidi kwa robo. Kama springi ina majani 4, yafaa liongezwe la 5 la unene uleule ili chuma kirudi katika raha yake ya kwanza. Hata hivyo springi hiyo itakuwa laini kuliko ile fupi kwa zaidi ya theluthi moja.

Mzee aliposikia hivyo akauliza, “Basi nitaongeza magunia mangapi?”

Mwanawe akajibu, “Hata moja, baba. Tunatafuta ulaini. Ekseli ni ileile, breki ni zilezile, magurudumu ni yaleyale. Mzigo utabaki uleule.”

Hilo ndilo wengi wasilopenda kulisikia.

KUPIMA KWANZA

Fundi yule hakushika spana siku ya kwanza. Alishika futi ya kupimia na kalamu. Alipima upana wa majani ya springi, na unene wa tundu la kila ncha. Kisha akapima kutoka tundu la mbele mpaka kwenye bolti ya katikati, na kutoka hapo mpaka tundu la nyuma. Vipimo hivi viwili ndivyo vinavyosema ekseli itakaa wapi. Springi ndefu haiwezi kuingia katika vishikio vya zamani, kwa hiyo yapasa kishikio cha nyuma kisogezwe, na kama nusu ya mbele nayo ni ndefu zaidi, cha mbele pia. Fundi akipima vibaya, ekseli husogea mbele au nyuma. Hapo gurudumu hugusa bodi, na propela huwa fupi mno au ndefu mno.

KAZI YENYEWE

Gari liliwekwa juu ya ardhi ngumu na tambarare, likiwa halina mzigo, na magurudumu ya mbele yakatiwa vigingi. Chesisi iliegemezwa juu ya vigogo vinene na imara. Jeki ilitumika kuinua na kushusha ekseli tu. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Ni mauti, na mauti hayo yamewaachia wengi ujane na uyatima.

Vishikio vipya vilifungwa kwa bolti ngumu na bamba nene la kuimarisha chesisi. Mahali palipohitaji kuchomelewa, betri ilitenganishwa kwanza, tangi la mafuta likaondolewa, na kutu ikasuguliwa mpaka chuma kikang’aa. Springi yenyewe haikuguswa na moto hata kidogo, kwa sababu moto hukiondolea chuma cha springi nguvu yake ya kupinda na kurudi. Ndiyo maana jani lililovunjika halichomelewi. Likichomelewa litavunjika tena kando ya ule mshono, na mara nyingi litachagua mtelemko.

Nyuma ya springi kuna kipande cha kubembea, ambacho mafundi hukiita shako. Springi inapolemewa hunyooka, na inaponyooka huwa ndefu zaidi, basi shako huipa nafasi ya kwenda nyuma. Gari likisimama chini, ncha ya chini ya shako yapasa iegemee nyuma kidogo. Isielekee mbele, isije ikajifunga. Wala isigonge chesisi gari linapozama shimoni.

Bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli zilinunuliwa mpya. Mzee alilalamika kwamba zile za zamani bado nzuri. “Zimekwisha kuvutika, baba,” alisema kijana. “Nikizikaza tena zitalegea zikiwa njiani.” Bushi za mpira nazo zilikuwa mpya, na bolti zake zilikazwa mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa bado juu, mpira hukaa umejisokota na kuchanika upesi.

MAMBO YANAYOSAHAULIWA

Kazi ilipoonekana imekwisha, fundi alianza kukagua upya. Hapa ndipo fundi wa haraka angeomba fedha yake.

Aliishusha ekseli mpaka mwisho wake, akatazama mpira wa breki. Springi ndefu huiachia ekseli nafasi ya kwenda chini zaidi, na mpira mfupi huvutika mpaka ukakatika. Ule ulikuwa umevutika. Akautoa, akatia mrefu zaidi.

Kisha akatazama kifimbo kinachounganisha ekseli na vali ya breki za nyuma, kama kilivyo katika pikapu nyingi za Toyota. Kifimbo hicho huipa vali habari ya mzigo. Kimo cha gari kikibadilika bila kifimbo kurekebishwa, vali hudanganyika, na breki za nyuma hushika kidogo mno au kwa nguvu mno. Alikirekebisha. Akapima shokapu kama zinatosha kwa urefu, akatazama kama propela haitetemi, na kama ekseli haikulala upande.

Mwisho akaliendesha gari tupu, kisha na mzigo wa kawaida. Alirudi, akakaza tena nati zote. Baada ya safari za juma moja zilikazwa mara nyingine. Na kabla ya kubeba mtu yeyote, gari lilipelekwa kwa mkaguzi wa magari, naye akaelezwa wazi yaliyobadilishwa.

Kazi nzima ilichukua siku 4. Iligharimu kuliko bei ya yule kijana wa sokoni, na mzee hakuficha kwamba iliuma.

ONYO KWA WENYE GARI

Gari lililolainishwa huinama zaidi katika kona. Watu waliosimama nyuma, wameshikana mabega, huliinamisha zaidi. Mwenye gari asije akadhani kwamba kwa kuwa mashimo hayasikiki tena, basi aweza kwenda mbio. Ulaini ni wa kumpumzisha abiria. Kama fedha haitoshi kwa kazi yote, afadhali kubaki na springi fupi zilizo nzima, kupunguza upepo wa matairi kidogo kwa kiasi kilichoruhusiwa kwa gari tupu, na kwenda polepole. Huko si kushindwa.

Wiki chache baadaye hodi ilipigwa tena usiku, safari hii kwa ajili ya bibi kikongwe aliyevunjika nyonga. Walimlaza nyuma juu ya godoro, mjukuu wake akamshika kichwa. Mzee aliendesha kama alivyozoea, taratibu. Walipofika kwenye daraja la magogo, mahali ambapo watu wote hujikaza, alisimama na kuuliza kama mgonjwa anaendeleaje.

Mjukuu akajibu kwa sauti ya chini, “Amelala, babu. Twende tu.”