Masurufu ya Kutwa: Jinsi ya Kukinga Chakula Kisichache

Mkulima wa Uwanda wa Ufipa aendaye shamba la mbali huhitaji chakula cha kushibisha kitakachokaa kutwa bila jokofu. Kwa nini maharage yaliyopikwa alfajiri huweza kuchacha kabla ya jioni, hali dagaa waliokaushwa Ziwa Tanganyika hudumu kwa wiki nyingi?

Jibu limo katika mambo matatu: maji, joto na muda. Bakteria ni viumbe hai, na bila maji hawakui. Dagaa wakavu na karanga zilizokaangwa hazina maji ya kuwatosha. Maharage yenye mchuzi yanayo. Bakteria wengi waletao madhara husitawi kati ya nyuzi 5 na 60 za Sentigredi. Katika mazingira yanayowafaa, baadhi yao huongezeka maradufu kila dakika 20. Kwa hesabu hiyo, mmoja huwa 4,096 baada ya saa 4.

Wengi hudhani kwamba chakula kilichochemka hakina kijidudu chochote. Sivyo. Sumbawanga iko kiasi cha meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa huko ni ndogo, hivyo maji huchemka karibu na nyuzi 94, na maharage huchelewa kuiva. Lakini hata nyuzi 100 haziui spora za baadhi ya bakteria. Chakula kikipoa polepole, spora hizo huchipua na bakteria huzaana. Tena stafilokoki, bakteria waishio puani na mikononi mwa watu, wakiongezeka chakulani huacha sumu isiyoharibiwa kwa kupashwa moto.

Baridi ya uwandani nayo hudanganya. Msafiri ateremkaye Bonde la Rukwa, lililo chini kwa karibu meta 1,000, hukuta joto kali, na chakula chake hupata joto hilo hilo.

Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2. Kwa hiyo njia salama ni mbili. Chakula chenye maji kifungwe kingali moto sana, katika chombo cha kuhifadhi joto kilichosuuzwa kwa maji yanayochemka, na kiliwe kabla hakijashuka chini ya nyuzi 60. Kwa siku ndefu zaidi, vibebwe vikavu: karanga, dagaa, na unga wa ulezi wa kupikia uji huko huko. Gramu 100 za karanga hutoa karibu kilokalori 570. Ugali, kwa maji yake mengi, hautoi hata nusu ya hizo. Karanga zenye ukungu zitupwe, kwani kukaanga hakuondoi sumu yake yote.

Jaribio la darasani: tieni maji yanayochemka katika vyombo viwili vinavyolingana, kimoja kikiwa kimezungushiwa blanketi. Pimeni joto kila nusu saa, kisha mchore grafu. Je, kila chombo kilibaki juu ya nyuzi 60 kwa muda gani?