Mizigo Isiyofungwa Ndani ya Motakaa

Twaona watu wengi wakiingia katika motakaa na vyombo vyao, jembe hapa, debe la mafuta pale, chupa na makopo chini ya miguu, wasifikiri lo lote juu ya yatakayotokea dereva akikanyaga breki kwa ghafula.

Mzee mmoja alituambia ya kuwa jiwe lake la kusagia ni zito mno, kwa hiyo haliwezi kuondoka mahali lilipowekwa. Sivyo. Motakaa inapokwenda, kila kilichomo chaenda pamoja nayo kwa mwendo ule ule. Breki huzuia magurudumu, haizuii jiwe. Basi gari likisimama, jiwe laendelea na safari yake mpaka lipate cha kulizuia, nacho huenda kikawa kisogo cha mtu. Tena uzito hausaidii, kwa kuwa kitu kizito ndicho kigumu zaidi kuzuiliwa kikiisha kuanza kwenda. Isaac Newton, mtaalamu wa Uingereza, alieleza kanuni hii katika kitabu chake cha mwaka 1687.

Tutwae mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Motakaa ikigonga mti kwa mwendo huo, kitu kilicho huru hupiga kilicho mbele yake kana kwamba kimeanguka kutoka juu kadiri ya mita 10. Nani atakubali kuketi chini ya mnazi hali jiwe la kusagia laanguka kutoka kileleni? Na mwendo ukizidishwa mara mbili, ukawa 100, kimo hicho hakiwi mita 20, bali 40.

Lakini vitu vyepesi navyo vina hatari yake. Siku moja tulisafiri na mwalimu rafiki yetu. Njia iliteremka kwenye daraja, na watoto walikuwa wakivuka na mbuzi wao. Mwalimu akakanyaga breki, isishuke. Chupa tupu ya soda ilikuwa imebiringika kutoka chini ya kiti chake ikakaa nyuma ya kikanyagio. Alivuta breki ya mkono, akaliingiza gari katika shamba la mihogo. Watoto walipona, na mwenye shamba akalipwa mihogo yake. Tangu siku hiyo hatupandi motakaa pasipo kutazama kwanza chini ya kiti cha dereva, ijapokuwa wengine hutucheka.

Vitu vizito viwekwe chini kabisa ndani ya buti, visukumwe mpaka viguse mgongo wa kiti cha nyuma, visipate nafasi ya kuanza mwendo. Jeki na spana zifungwe. Mizigo isipite kimo cha migongo ya viti, na panga lisiwekwe kamwe juu ya ubao ulio nyuma ya vichwa vya abiria. Kikapu kikikaa juu ya kiti kitupu, mkanda wa kiti upitishwe katika mkono wake.

Mtu asiyefunga mkanda naye ni mzigo ulio huru. Akiketi nyuma, atamwangukia aliye mbele yake. Na mama asidhani atamshika mtoto mapajani. Mtoto wa kilo 10, gari likigonga kitu kigumu kwa mwendo ule wa 50, huvuta kwa nguvu iwezayo kupita uzito wa gunia la mahindi, na mikono ya mtu haihimili. Awekewe kiti chake mwenyewe kifungwacho kwa mkanda. Na siku mtoto asipokuwamo, kiti hicho nacho kifungwe vile vile.