Lebo ndogo inavyoamua hatima ya bidhaa katika bohari za ng'ambo

WACHONGAJI wa Tabaka, Kaunti ya Kisii, wamezoea kuuza sanamu kwa kuitia mkononi mwa mnunuzi. Mteja huipapasa, huuliza bei, na wawili hao huvutana kwa maneno hadi wakaafikiana.

Katika biashara ya mtandaoni mkono huo haupo. Sanamu ikishaingia katika bohari huko Marekani, hakuna anayejua ni mali ya nani isipokuwa kwa kusoma karatasi ndogo iliyobandikwa juu ya kasha lake. Karatasi hiyo ikikosewa, mali huwa imepotea ingawa haijaibwa.

Kampuni ya Amazon ilianzisha mnamo 2006 huduma ambapo mfanyabiashara hutanguliza bidhaa zake katika bohari za kampuni hiyo. Kampuni huzihifadhi, na kila agizo linapoingia huzifunga na kumfikishia mnunuzi. Mteja aliye Chicago hupata mzigo wake baada ya siku chache badala ya wiki kadhaa.

Aidha, utaratibu ulioruhusu vifurushi vya thamani isiyozidi Dola 800 kuingia Marekani bila ushuru ulisitishwa Agosti 29, 2025. Hatua hiyo iliwaondolea wauzaji wadogo mojawapo ya sababu za kutuma kifurushi kimoja kimoja kutoka Nairobi.

Anayedhani kwamba bohari hizo zimepangwa kama duka, vikapu huku na vitabu kule, amekosea. Kiondo cha Machakos chaweza kutiwa katika rafu moja na dawa ya meno na viatu vya watoto, almuradi nafasi ipo. Kompyuta ndiyo hukumbuka kila kitu kilipo, nayo haitazami ususi wala rangi. Husoma mistari myeusi na myeupe, yaani msimbopau.

Mistari hiyo ilisomwa dukani kwa mara ya kwanza Juni 26, 1974, katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, kwenye pakiti ya chingamu ya Wrigley. Nambari zinazotolewa Kenya huanza kwa 616, na wengi huamini kwamba tarakimu hizo huthibitisha bidhaa imetengenezwa humu nchini. La hasha. Huonyesha tu kwamba nambari ilitolewa na ofisi ya Kenya ya shirika la GS1 linalosimamia misimbo hiyo duniani.

Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba msimbo wa kawaida hutambulisha aina ya bidhaa, hautambulishi mwenyewe. Wafanyabiashara wawili wakiuza bidhaa ile ile, msimbo huwa ni mmoja. Kwa sababu hiyo Amazon humpa muuzaji msimbo wake, ambao aghalabu huanza kwa herufi X, ili mali yake isichanganywe na ya jirani.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Lebo mpya hubandikwa pembeni, ilhali msimbo wa zamani uliochapishwa kwenye kasha umeachwa wazi. Mashine husoma ule inaoukuta kwanza, na iwapo ni wa zamani, bidhaa yaweza kuhesabiwa kuwa kitu kingine au kuwekwa kando kama isiyotambulika. Msimbo wa zamani sharti ufunikwe kabisa.

Uchapishaji nao una masharti yake. Printa za wino wa majimaji, zilizojaa katika saiba nyingi, hazifai kwa kuwa wino huo hufifia au kuchuruzika unapopata unyevu. Inayotakiwa ni printa ya leza au ya joto. Karatasi iwe nyeupe, na nafasi tupu ya milimita sita hivi iachwe kila upande wa mistari. Lebo isikunjwe kwenye pembe wala isibandikwe mahali penye mviringo, kwani mstari uliopinda hausomeki.

Kwa mawe ya Kisii, sharti hilo la mwisho ni mtihani. Sanamu ya kifaru haina ubavu ulionyooka, na jiwe lililosuguliwa kwa nta halishiki gundi. Njia ya kuaminika ni kuitia kila sanamu katika kasha lake na kubandika lebo juu ya kasha.

Seti ya sataranji huhitaji uangalifu zaidi. Ina vipande 32 na ubao wake, na mfanyakazi wa bohari asiyeelezwa aweza kuvitenganisha na kuuza mfalme peke yake. Vyote hufungwa pamoja, msimbo ukawa mmoja, na maandishi ya Kiingereza yakaongezwa kueleza kwamba hiyo ni seti isiyotenganishwa.

Vikapu vina adha nyingine. Kikitiwa katika mfuko wa plastiki ambao mdomo wake una upana wa sentimita 12.7 au zaidi, mfuko huo lazima uwe na onyo kuhusu hatari ya mtoto kukosa pumzi. Mfuko uwe umefungwa, na msimbo usomeke bila ya kuufungua.

Jiwe huvunjika, hivyo kasha la sanamu hujaribiwa kwa kuangushwa kutoka kimo cha sentimita 91 hivi kwenye sakafu ngumu. Huangushwa mara tano: kwa kitako, kwa juu, kwa ubavu mrefu, kwa ubavu mfupi na kwa pembe. Heri sanamu moja ivunjike Tabaka kuliko mia moja njiani.

Ndani ya katoni kubwa, sentimita tano za kitu laini hutenganisha bidhaa na kuta. Chenga za plastiki na karatasi zilizokatwakatwa haziruhusiwi. Karatasi nzima zilizofinyangwa zinakubalika, kwa hivyo gazeti la jana lina kazi bado, mradi lisichanwe. Nyasi kavu hazifai kamwe, maana huwatia shaka wakaguzi wa kilimo bandarini.

Uzani ndio humnasa muuza mawe. Katoni ya kawaida haitakiwi kuzidi kilo 22.7. Jiwe la Kisii lina uzito unaokaribia mara tatu ya maji ya ujazo ule ule, hivyo katoni hufikia kikomo ikiwa bado nusu tupu. Kishawishi cha kuijaza ni kikubwa kwa mtu anayelipia nafasi melini, lakini dawa yake ni katoni ndogo.

Kila katoni ina lebo yake tofauti, na kutoa nakala ya moja na kuzibandika zote ni kosa. Hubandikwa mahali palipo sawa, mbali na maungio ambako kisu hupita. Orodha ya vilivyomo katika kila katoni hutumwa kwa mtandao kabla ya shehena kufika.

Zikipangwa juu ya jukwaa la mbao, mbao hizo ziwe zimetibiwa, kwa mfano kwa joto la nyuzi 56 ndani ya kiini chake kwa dakika 30, na kupigwa mhuri wa kimataifa. Nchini Kenya jukumu hilo husimamiwa na Kephis.

Forodha ya Marekani ina lebo yake inayoidai. Sheria ya Ushuru ya 1930 inaamuru kila bidhaa ya kigeni ionyeshe kwa Kiingereza nchi ilikotoka, kwa maandishi yanayosomeka na yasiyofutika kirahisi. Isipoonyesha wala isirekebishwe, hutozwa nyongeza ya asilimia 10 ya thamani. Fauka ya hayo, Amazon haikubali kusajiliwa kama mwagizaji wa shehena. Muuzaji ndiye atafute wa kubeba dhamana hiyo, pamoja na ushuru wenyewe.

Hapo awali aliyeshindwa kubandika lebo aliweza kuilipa kampuni hiyo imfanyie kazi hiyo. Mnamo 2025 ilitangaza kwamba huduma hiyo ingekoma nchini Marekani kuanzia Januari 1, 2026. Tangu hapo kazi hufanywa kabla ya mzigo kufika, ama na mwenyewe ama na wakala wa kulipwa. Bidhaa isiyosomeka huweza kuondolewa au kuharibiwa kwa gharama ya muuzaji, na nauli ya kuirudisha Kisii aghalabu huipita bei yake.

Hata kila kitu kikifanywa sawa, hesabu ya bohari yaweza kupungukiwa. Anayedai haki yake huulizwa ushahidi, nao ni risiti za ununuzi, stakabadhi za msafirishaji, na uzani wa kila katoni kama ulivyoandikwa siku ilipofungwa.