Madini ‘adimu’ ya Mrima na sumaku za kesho

Kila unapozuka mjadala kuhusu Mlima Mrima kule Kwale, hawakosekani watu wanaozungumza kana kwamba tumekwisha kutajirika. Ardhini mwa Mrima, wanasema, mna niobiamu na yale madini yaitwayo ‘adimu’, na ulimwengu hauwezi kuunda magari ya umeme bila madini hayo. Basi yatosha kuyahifadhi na kungoja bei ipande. Mimi ni mtu wa isimu, si mwanafizikia. Hata hivyo, hoja hiyo naiona ina kasoro mbili: moja ya lugha, nyingine ya maabara.

Kwanza, madini hayo si adimu. Seriamu, ambayo ni mojawapo, imeenea ardhini karibu sawa na shaba. Jina hilo ni urithi wa wanakemia wa Ulaya wa karne ya 18, ambao walikutana na madini hayo katika machimbo ya kijiji cha Ytterby, Uswidi, wakadhani hayapatikani kwingineko. Kilicho kigumu ni kuyatenganisha, maana yanafanana tabia kama ndugu wa tumbo moja. Mnamo 1885 Carl Auer von Welsbach alikipasua kitu kilichodhaniwa kuwa elementi moja, akapata mbili. Mojawapo akaiita neodimiamu, yaani ‘pacha mpya’ kwa Kigiriki. Waama, jina hilo linaeleza mambo vizuri kuliko neno ‘adimu’.

Neodimiamu hiyo ndiyo inayotafutwa leo. Ikichanganywa na chuma na boroni huzaa sumaku ya kudumu yenye nguvu kupita zote zinazouzwa, iliyovumbuliwa Japani na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Takriban asilimia 30 ya uzito wake ni madini haya. Kilichosalia karibu chote ni chuma.

Msomaji atauliza: kwa nini isiwe chuma kitupu? Sumaku njema huhitaji sifa mbili, nguvu na ukaidi. Kwa nguvu, chuma huishinda hata aloi ya neodimiamu. Lakini chuma hakina msimamo: ukikisogezea sumaku nyingine, mara kinageuza ncha zake. Kazi ya neodimiamu ni kuipa aloi ukaidi.

Hapa ndipo maabara inapoingia. Mwaka 1988 watafiti wa kampuni ya Philips, Uholanzi, wakiongozwa na Reinder Coehoorn, walieleza sumaku iliyochanganya punje za aina zote mbili, na madini haya ndani yake yalikuwa machache mno. Mwaka 1991 Wajerumani Kneller na Hawig wakaifafanua siri yake. Punje ya chuma ikiwa ndogo sana, kiasi cha nanomita 10 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), hushikwa na majirani wake wakaidi hata isiweze kugeuka peke yake. Ikilazimishwa kidogo kisha ikaachiliwa, hurudi mahali pake mithili ya kamani. Na mwaka 1993 Skomski na Coey, wa Dublin, walikokotoa kwamba sumaku ya namna hiyo yaweza kufikia nishati ya megajuli moja kwa kila mita ya ujazo, ambayo ni zaidi ya maradufu ya zile zilizoko sokoni.

Zaidi ya miaka 30 imepita na hesabu hiyo haijatimizwa katika sumaku nzima ya kiwandani. Punje hupatikana kwa kumimina aloi iliyoyeyuka juu ya gurudumu la shaba linalozunguka kwa kasi, ili igande kufumba na kufumbua. Lakini punje zilizopatikana hivyo huelekea kila upande, ilhali nguvu kamili hudai zote zielekee upande mmoja; na ukizipasha moto ili kuzishikanisha, zinavimba na kupoteza ule udogo uliozipa faida.

Sidai kwamba kesho watafaulu. Nadai kwamba wanayo sababu kubwa ya kuendelea. China, inayotenganisha sehemu kubwa mno ya madini haya duniani, iliwahi kubana mauzo yake ya nje mwaka 2010, na bei zikaruka; Aprili 2025 ikaweka masharti ya leseni kwa aina saba za madini haya pamoja na sumaku zake. Wanunuzi waliobanwa mara mbili hawalali. Kila gramu ya neodimiamu itakayochukuliwa nafasi na chuma, ambacho kimejaa kila mahali, ni gramu ambayo Mrima haitaiuza.

Huko Mrima, leseni ya uchimbaji ilifutwa mwaka 2013, na mzozo ukafika hadi kwa wasuluhishi wa kimataifa. Tulibishana sana kuhusu nani achimbe, na kwa haki, kwani msitu wa mlima huo ni kaya takatifu ya Wadigo. Lakini yeyote atakayeandika leseni nyingine, kabla hajawaomba Wadigo chochote, na awaeleze bayana: udongo ukishatoka Kwale, hao ndugu wa tumbo moja watatenganishiwa wapi, na nani?