Kutafuta Makazi ya Mtu: Adabu Zinazotangulia Hodi

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake.

Miongoni mwa maswali anayoulizwa imamu baada ya swala ni hili: "Sheikh, fulani anakaa wapi?" Swali ni jepesi, na wengi hulijibu papo hapo. Lakini anayeuliza huenda akawa ndugu aliyepotezana na nduguye, huenda akawa mdai, na huenda akawa mume ambaye mkewe amekimbia kipigo. Je, sharia inamruhusu nani kutafuta nyumba ya mtu, na inamtaka nini yule anayeijua?

Kutafuta makazi ya mtu kwa haja njema kunaruhusiwa, na mara nyingine ni ibada. Kuunga udugu, kumzuru mgonjwa na kurejesha amana hakuwezekani bila ya kujua mhusika yuko wapi. Bukhari amepokea katika Al-Adab Al-Mufrad kwamba Jabir bin Abdillah (r.a.) alinunua ngamia, akasafiri mwezi mzima hadi Sham kumtafuta Abdullah bin Unays (r.a.) kwa ajili ya Hadithi moja tu. Tuangalie alivyofanya alipofika: alimwambia bawabu ampe mwenye nyumba habari kuwa Jabir yuko mlangoni, akangoja mpaka mwenyewe akatoka.

Mpaka wa jambo hili umewekwa na Qur'an. Surat Al-Hujurat (49:12) imekataza kupelelezana. Surat An-Nur (24:27-28) imekataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tupate idhini na tuwasalimie wenyewe. Na tukiambiwa turudi, tunarudi. Tena Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Sahl bin Sa'd (r.a.) kisa cha mtu aliyechungulia kwenye tundu la chumba cha Mtume (s.a.w.), naye Mtume akabainisha kuwa idhini imewekwa kwa sababu ya jicho. Kinacholindwa, basi, ni sitara ya watu walio ndani, si ukuta wala mlango.

Kutokana na dalili hizi tunafahamu kuwa mwenye haki ya kumrudisha mtu mlangoni, ana haki pia ya kutofuatwa kwa siri hadi mlangoni. Kumwandama mtu akitoka msikitini, kuwahoji watoto wake njiani au kupekua simu ya rafiki yake ni upelelezi, hata kama anayefanya hivyo hakukusudia wizi.

Mtafutaji anatakiwa mambo matatu. Kwanza, ajitambulishe na aeleze haja yake; Mtume (s.a.w.) alichukia Jabir alipobisha hodi na kujibu "mimi" bila ya kutaja jina. Pili, atangulize ujumbe kabla ya miguu yake. Tatu, apite njia za wazi: jamaa wa mhusika, uongozi wa mtaa au mahakama.

Ama anayeulizwa, ajue kuwa amebeba amana. Katika Sira ya Ibn Hisham imeelezwa kuwa wakati wa Hijra, Abu Jahl na wenziwe walifika nyumbani kwa Abu Bakr (r.a.), wakamuuliza Asma (r.a.) baba yake yuko wapi. Hakuwapa neno la kuwafikisha kwake. Abu Jahl akampiga kofi hata hereni yake ikadondoka, na bado hakuwapa.

Jawabu la salama kwa imamu ni hili: "Niachie jina lako na namba yako ya simu, nitamfikishia." Hapo hakusema uongo wala hakuzuia haki ya mtu. Ikiwa muulizaji ni mdai, imamu amfikishie mdaiwa ujumbe na amkumbushe kuwa mwenye uwezo kuchelewesha deni ni dhulma. Akikaidi, mahakama ndiyo yenye mamlaka ya kumwita. Ikiwa ni mume aliyekimbiwa, haijuzu kumwelekeza alipojisitiri mkewe pale inapochelewa kuwa atamdhuru. Njia ni wasuluhishi kutoka pande mbili, kama ilivyoelekezwa katika Surat An-Nisaa (4:35), au kadhi.

Jambo hili lina uzito zaidi zama zetu. Nchini Tanzania, tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba nyingi zina namba na barabara zina majina. Hilo ni neema kwa mgeni na kwa gari la wagonjwa, lakini neno moja la anwani sasa linamfikisha mtu hadi kizingitini. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Sisi tuliamrishwa sitara kabla ya hapo. Basi daftari za misikiti na madrasa zisiachwe wazi, na anwani ya Muislamu isitumwe kwenye makundi ya simu bila ya idhini yake.

Anayetafuta kwa heri hapotezi kitu akisubiri idhini. Anayekataa kusubiri ametupa sababu ya kutomwelekeza.

Wallahu a'alam.