Ndai ya Kitambo Imekataa Kuwaka? Cheki Hizi Vitu Kabla Utoe Pesa ya Spea

Kila msee aliyeona The Fast and the Furious ya 2001 anakumbuka ile Dodge Charger nyeusi ya 1970 ya Dom Toretto. Kwa sinema, ukigusa ufunguo tu, V8 inanguruma mpaka majirani wanajua. Kwa ground, gari ya miaka zaidi ya hamsini huwa na siku zake. Kuna asubuhi itakutazama tu.

Hapa kwetu gari za misuli za Marekani ni za kuhesabu, lakini Peugeot 504 ya guka iko pale ushago, chini ya mwembe, imejaa kinyesi cha kuku. Usiicheke. Hiyo ndai ilishinda Safari Rally 1975 na tena 1978. Halafu ukifungua boneti, ina undugu na ile Charger: kabureta, distributa, koili. Hakuna kompyuta.

Hiyo ndio raha yake, na ndio shida pia. Kwa sababu hakuna mashine ya kuchomeka ikuambie kilichoharibika, fundi asiye na subira anaanza kubahatisha. Leo ni starta, kesho koili, keshokutwa kabureta. Umeenda Kirinyaga Road mara tatu, mfuko umekauka, gari bado imelala. Kumbe ilikuwa waya imelegea.

Injini ya petroli inataka vitu nne tu: mafuta yaliyochanganyika na hewa, moto wa plagi, moto huo uje wakati wake, na mgandamizo ndani ya silinda. Kazi yako ni kujua ni gani imekosekana. Usibadilishe kitu yoyote kabla hujajua.

1. Inazunguka ama haizunguki?

Hili ndilo swali la kwanza. Kama ukigeuza ufunguo injini haizunguki kabisa, achana na plagi na kabureta. Hiyo ni shida ya umeme wa starta.

Washa taa kubwa za mbele, kisha jaribu starta. Taa zikififia ama kuzima, betri imeisha ama vichwa vyake vimeshika ule unga mweupe. Betri ya volti 12 iliyojaa na imepumzika inasoma karibu 12.6. Ikisoma 12 kwenda chini, chaji kwanza. Safisha vichwa na maji ya moto yenye magadi, kaza, na ufuate ule waya wa ethi kutoka betri hadi kwa injini. Gari za zamani husumbuliwa sana na ethi yenye kutu.

Taa zikibaki zinawaka vizuri na starta iko kimya, shida iko kwa swichi ya ufunguo, solenoidi ama waya zake. Kama gari ni otomatiki, jaribu kuwasha ikiwa N badala ya P. Kuna swichi hapo kwa gia ambayo ikizeeka inakataa starta ifanye kazi.

Na usiikaze starta dakika nzima. Sekunde kumi, pumzisha dakika moja ama mbili, rudia. Ukizidisha utaichoma, sasa uwe na shida mbili.

2. Inazunguka lakini haiwaki? Tafuta moto

Hakikisha gia iko huru, hendibreki iko juu, na hakuna petroli imemwagika. Toa waya moja ya plagi, ichomeke plagi nyingine, shika na plaisi yenye mpira, na ile chuma ya plagi iguse injini, mbali na kabureta. Mtu mwingine azungushe starta. Ukiona cheche ya buluu, yenye nguvu, moto uko sawa. Ikiwa ya manjano na dhaifu, ama hakuna kitu, umepata pa kuanzia.

Fungua kifuniko cha distributa. Angalia unyevu, nyufa, na ile kutu ya kijani. Halafu angalia pointi: zikifunguka nafasi yake kwa gari nyingi ni kati ya milimita 0.4 na 0.5, lakini kitabu cha gari yako ndicho chenye neno la mwisho. Zikiwa zimeungua, piga msasa mwembamba na upime upya.

Ukiwa hapo, mwambie mwenzako azungushe starta tena huku wewe ukiangalia rota. Kama injini inazunguka na rota imetulia, simama. Kuna uwezekano cheni ya taiming imekatika. V8 nyingi za zamani za Marekani zilikuwa na gia ya cheni yenye meno ya nailoni, na hayo meno huisha. Ukaguzi huu haugharimu hata bob, na unaweza kukuokoa kununua kabureta ya bure.

Kuna ujanja mwingine wa Dodge na Plymouth za kitambo. Injini inawaka ukiwa umeshika ufunguo, ukiachilia tu inazima papo hapo. Hapo shuku ile rezista ya koili, kipande cheupe kama kigae kilichofungwa ukutani pa injini. Wakati wa kuwasha, koili inapata umeme moja kwa moja. Ukiachilia ufunguo, umeme unapitia kwa rezista. Ikiungua, safari imeisha. Ni kitu kidogo na cha bei ya chini, lakini imefanya watu wabadilishe mfumo mzima.

Na kama injini inapiga risasi kupitia kabureta, kuna mtu alichanganya waya za plagi. Mpangilio wa Chevrolet V8 ndogo na V8 za Chrysler ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Ford 289 ni 1-5-4-2-6-3-7-8. 504 ya silinda nne ni 1-3-4-2.

3. Moto uko? Sasa fuata mafuta

Injini ikiwa imezimwa, toa filta ya hewa, chungulia ndani ya kabureta na uvute ile waya ya aksileta kwa mkono. Unafaa kuona petroli ikiruka kwa mshale mwembamba. Ikiwa kavu, rudi nyuma hatua kwa hatua: tangi (geji ya zamani hudanganya), filta, pampu, sindano ya kabureta. Petroli iliyokaa miezi mingi ikinuka kama rangi kuukuu, imwage.

Harufu ya petroli ikiwa kali na plagi zimelowa, umeifurisha. Acha kupiga aksileta. Ikanyage mpaka chini, ishikilie hapo, kisha zungusha starta ili hewa ikaushe silinda.

Kama iligoma baada ya jam ya Thika Road jua likiwaka, huenda petroli imechemka kwenye paipu. Fungua boneti, nunua soda, ngoja ipoe.

Hapa sasa sikiza vizuri: usikubali mtu amwage petroli na chupa ndani ya kabureta huku mwingine akizungusha starta. Injini ikipiga nyuma, moto unatokea juu, na chupa iko mkononi mwake. Watu wameungua uso hivyo. Weka kizima moto karibu, na sigara iwe mbali.

4. Vyote viko na bado?

Moto uko, mafuta yako, waya ziko sawa, rota inazunguka. Hapo ndipo unalipa fundi apime taiming na mgandamizo wa kila silinda. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko zingine, shida iko kwa valvu, ringi ama gasketi, na hiyo ni hesabu kubwa. Lakini angalau utakuwa unalipia shida unayoijua.

So next time fundi akikuambia, "Buda, hii ni koili, leta pesa," usibishane naye. Muulize tu swali moja: "Umeipima aje?" Fundi wa ukweli atakuonyesha cheche. Yule mwingine ataanza kutafuta spana.