Ukurasa wa Afya: Mkanda wa Ndege Ushike Nyonga, Siyo Tumbo



Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki na 24 walinusurika. Wavuvi ndio waliotangulia kufika kuwaokoa. Baada ya habari kama hiyo watu hujiuliza: je, mkanda wa kiti si ndio utakaomfunga mtu afe maji?

Tufikirie mtumbwi wa injini hapa kwetu Kirando. Ukigonga mwamba, chombo husimama, lakini magunia ya dagaa huendelea mbele. Mwili wa abiria hufanya vivyo hivyo. Mkanda huufanya usimame pamoja na kiti, na huipeleka nguvu ya mgongano kwenye mifupa ya nyonga, ambayo ni imara. Ukikaa tumboni, nguvu hiyo hupiga ini, wengu na utumbo, na damu huvuja ndani bila kidonda kuonekana nje. Hugh DeHaven, Mmarekani aliyenusurika ajali ya ndege mwaka 1917, aliumia vibaya tumboni, akaona kuwa kilichomwumiza ni mkanda wenyewe na kifungio chake. Baadaye alitumia miaka mingi kuchunguza jambo hilo.

Kwa hiyo vaa mkanda chini kabisa, juu ya mapaja, na uukaze. Mama mjamzito aupitishe chini ya tumbo, kamwe siyo juu yake.

Kiti nacho kising'oke sakafuni. Tangu mwaka 1988 Marekani inataka viti vya ndege kubwa za muundo mpya vihimili mara 16 ya uzito. Zamani ilikuwa mara 9. Sasa akina mama tupige hesabu. Mtoto wa kilo 9 aliyepakatwa, katika mshtuko huo atavuta kama kilo 144, karibu mifuko mitatu ya saruji. Hakuna mikono itakayomshika, hata ya mama mwenye nguvu za kulima mchana kutwa. Wala usimfunge ndani ya mkanda wako, maana mwili wako utamponda. Kilicho salama zaidi ni kiti chake mwenyewe cha mtoto, ingawa tunajua nauli yake ni mzigo.

Mkanda wa abiria hauna sehemu ya begani kama wa rubani, hivyo kichwa na miguu hurushwa mbele. Ndiyo sababu huambiwa kuinama, kichwa kikigusa kiti cha mbele na nyayo zikiwa sakafuni. Ajali ya Kegworth, Uingereza, mwaka 1989, iliyoua watu 47, ilifundisha mengi juu ya mkao huo.

Tukirudi kwenye maji: aliyezimia kwa kugonga kichwa hawezi kutoka, hata akiwa hakufungwa. Kaa na mkanda mpaka ndege isimame kabisa, ndipo uinue bapa la kifungio. Katika hofu watu hutafuta kitufe cha kubonyeza kama cha gari, basi kijaribu kabla ya kuruka. Jaketi la kujiokolea lijazwe upepo ukiwa unatoka mlangoni. Ndege ya Ethiopia ilipoanguka baharini Komoro mwaka 1996, kuna waliolijaza wakiwa ndani. Maji yalipoingia likawainua hadi darini, wakashindwa kupiga mbizi kuufikia mlango.